NORBERT RILLIEUX, ENJENIYERE WA SUKARI (1806–1894)



Ukiuliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho: unataka kuwa nani? Mmoja atajibu munganga, mwingine avoka, mwingine enjeniyere wa migodi kule Lubumbashi ao wa barabara. Ni mara chache kusikia mtu akisema: mimi nitakuwa enjeniyere wa chakula. Wengine wanachekaka hata. Wanasema chakula ni kazi ya wamama, hakuna hesabu ndani.

Juu ya hiyo nimeona vizuri kuwaelezea maisha ya mtu mmoja aliyesoma sana habari za mvuke na mashini, halafu masomo yake yote akayaingiza ndani ya sufuria ya sukari. Jina lake ni Norbert Rillieux. Mama yake alikuwa na damu ya Afrika. Sukari nyeupe ya kiwanda tunayotia katika chai asubuhi inapita mpaka leo katika njia aliyoifungua yeye. Lakini maisha yake si hadithi ya furaha tu. Tutaona kwamba watu waliipenda akili yake, ila mwenye akili hawakumpa fasi ya kukaa.

1. KUZALIWA NA MASOMO

Norbert Rillieux alizaliwa tarehe 17 Machi 1806 katika mji wa New Orleans, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, pale mto Mississippi unapokaribia bahari. Ufaransa ilikuwa imeiuza nchi ile kwa Marekani mwaka wa 1803, miaka mitatu tu mbele ya yeye kuzaliwa. Kwa hiyo wengi pale walikuwa wangali wanasema Kifaransa.

Baba yake, Vincent Rillieux, alikuwa mzungu mwenye mali, tena fundi: alitengeneza mashini ya mvuke ya kufunga pamba. Mama yake, Constance Vivant, alikuwa mwanamke wa rangi, si mtumwa. Sheria ya Louisiana ilikataza mzungu kumwoa mwanamke mwenye damu ya Afrika, hata kama ni huru. Basi wakazaa watoto bila kuweza kufunga ndoa. Norbert alipobatizwa, walimwandika katika kitabu cha kanisa Katolika kuwa mtoto huru.

Neno hilo, huru, tulipime vizuri. Katika mji ule kulikuwa na makundi matatu: wazungu, watumwa, na katikati yao watu huru wa rangi. Hawa wa katikati waliweza kuwa na nyumba, na kazi, na mali. Lakini hawakuweza kupiga kura, na kila siku walipaswa kuonyesha heshima ya namna ya pekee mbele ya mzungu. Walikuwa huru sawa mtu anayeruhusiwa kusimama mlangoni bila kuingia nyumbani.

Baba alipoona mtoto ana akili, akamtuma Paris, Ufaransa. Kule Norbert akaingia katika masomo ya maenjeniyere, École Centrale, yaliyofunguliwa mwaka wa 1829. Alijifunza hasa habari za mvuke. Mwaka wa 1830, akiwa na miaka 24 tu, alikuwa amekwisha kuwa mwalimu pale, tena akatoa maandiko juu ya mashini za mvuke. Wazungu wa Paris walikaa mbele yake kama wanafunzi.

2. NAMNA SUKARI ILIVYOPIKWA ZAMANI

Kwa kufahamu kazi yake, lazima tuone kwanza taabu iliyokuwapo.

Maji ya miwa, kwa sehemu kubwa, ni maji tu. Ukikamua kilo 100, sukari ndani yake ni kilo kama 13 ao 15. Maji mengine yote lazima yaondoke, na njia ya kuyaondoa ni kuchemsha. Hapa kwetu kila mtu ameona namna wamama wanapikaka mawese: pipa, kuni, moshi katika macho, na mtu anakoroga tangu asubuhi. Ng'ambo ya ziwa, kule Uvinza katika Tanzania, watu tangu zamani walichemsha maji ya chumvi juu ya moto wa kuni mpaka chumvi ibaki. Wote wana adui mmoja: maji yanakula kuni nyingi mbele ya kukubali kuondoka.

Katika Louisiana walipanga sufuria nne ao tano, kubwa sana, juu ya moto mmoja mrefu. Ya kwanza ilikuwa kubwa kuliko zote, na ya mwisho ndogo, pale moto ulipokuwa mkali zaidi. Watumwa walisimama kandokando wakishika vijiko vyenye mipini mirefu. Maji yakianza kuwa mazito, waliyateka yakichemka na kuyatupa katika sufuria inayofuata, na nyingine, na nyingine. Wakati wa mavuno kazi haikusimama, usiku na mchana. Mtu mwenye usingizi, mbele ya sukari inayochemka! Sukari ya moto ikikumwangikia haitiririki kama maji. Inashikamana na ngozi. Wengi waliungua, wengine walibaki vilema, wengine walikufa.

Tena sukari yenyewe ilitoka mbaya. Moto ukizidi, sukari inaungua na kuwa nyeusi. Nyingine inageuka asali isiyokauka. Na misitu ilikatwa juu ya kuni.

3. MVUKE MMOJA, KAZI TATU

Mwingereza mmoja, Edward Howard, alikuwa amekwisha kutengeneza, kama mwaka wa 1812, sufuria iliyofungwa ambayo hewa yake inavutwa nje kwa pompi. Hewa ikipunguzwa, maji yanachemka kwa moto mdogo. Jambo hilo tunalijua hata bila kiwanda. Kalemie iko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari. Hapa maji yanachemka karibu na degre 97, si 100. Kule Bukavu, juu zaidi, yanachemka karibu na degre 95, ndiyo maana maragwe yanakawia kuiva. Kadiri hewa inavyopungua uzito, ndivyo maji yanavyochemka upesi. Basi katika sufuria ya Howard sukari haikuungua. Lakini mvuke uliotoka ndani ulipotea bure.

Rillieux akauangalia mvuke ule uliopotea. Alijua kutoka masomo yake kwamba mvuke unabeba moto mwingi uliofichika, na ukigeuka tena kuwa maji unautoa moto huo wote. Akajiuliza: kwa nini tunautupa?

Jibu lake ni hili. Panga sufuria tatu zilizofungwa. Ya kwanza ipashe kwa mvuke uliokwisha kufanya kazi katika mashini ya kukamua miwa. Maji ya miwa ndani yake yanachemka na kutoa mvuke wake mwenyewe. Mvuke huo uupeleke kwa bomba ndani ya sufuria ya pili. Je, mvuke uliopoa kidogo utawezaje kuchemsha tena? Utaweza, kwa sababu katika sufuria ya pili hewa imepunguzwa, na maji yanachemka kwa moto mdogo. Mvuke wa sufuria ya pili nao unaenda katika ya tatu, ambayo hewa yake imepunguzwa zaidi. Mwisho kuna pompi na maji baridi ya kugeuza mvuke wa mwisho kuwa maji.

Kwa njia ya zamani, kilo moja ya mvuke inaondoa karibu kilo moja ya maji. Kwa sufuria tatu za Rillieux, kilo ile moja inaondoa karibu kilo tatu. Ndiyo siri yote. Mwanafunzi wa mwaka wa nne anaweza kuifahamu. Lakini mbele yake hakuna aliyeifanya ikatumika vizuri.

4. KUSHINDWA NA KURUDIA

Mtu asifikiri alifaulu siku moja. Wakati alipokuwa Paris alionyesha wazo lake kwa wenye viwanda, hawakulishika. Katika miaka ya 1830 akarudi New Orleans. Tajiri mmoja, Edmund Forstall, alikuwa anajenga kiwanda cha kusafisha sukari, akamtaka awe enjeniyere mkubwa. Lakini ukatokea ugomvi kati ya Forstall na jamaa ya Rillieux, na kazi ile ikafa. Majaribio ya kwanza ya mashini yake katika shamba la miwa hayakufaulu. Inasimuliwa pia kwamba alipata feza katika biashara ya viwanja, halafu akazipoteza wakati mabenki yalipoanguka mwaka wa 1837.

Miaka zaidi ya kumi ilipita hivi. Mwingine angesema: basi, Mungu hakutaka. Yeye aliendelea kusahihisha.

Mwaka wa 1843 mashini ilijengwa katika shamba la Theodore Packwood, na safari hii ilitumika vizuri. Mwaka ule ule, tarehe 26 Agosti, Serikali ya Marekani ikampa hati ya uvumbuzi, ile tunaita breve. Tarehe 10 Desemba 1846 akapata ya pili, kwa mashini iliyotengenezwa bora zaidi, yenye mabomba ndani ya kila sufuria. Sukari iliyotoka kwa Packwood, na kwa tajiri mwingine, Judah Benjamin, ilikuwa nyeupe na safi, ikashinda katika mashindano. Kiwanda cha Merrick na Towne katika mji wa Philadelphia kilianza kuuza mashini hizo kwa ukubwa wa namna tatu. Ndogo iliweza kutoa kama kilo 2,700 za sukari kwa siku, na kubwa kama kilo 8,100. Viwanda zaidi ya kumi vya Louisiana vikainunua. Kuni zilipungua, sukari ikaongezeka, na vile vijiko virefu vya moto vikawekwa chini pale mashini ilipofika.

5. MASHINI HAINA ZAMIRI

Hapa, ndugu na dada, tusimame kidogo.

Nani alinunua mashini hiyo? Ni wenye mashamba, ndio kusema wenye watumwa. Benjamin mwenyewe alikuwa na watumwa, na baadaye alikuwa waziri katika serikali ya wale waliopigana ili utumwa usiondolewe. Rillieux alisafiri shamba kwa shamba kusimamisha mashini na kufundisha watu. Inasimuliwa kwamba matajiri walitaka sana mashauri yake, lakini desturi haikuruhusu mtu wa rangi alale katika nyumba ya mzungu ao ale ku meza yake. Wengine walimwekea nyumba kando, na watumwa wa kumtumikia. Tufikiri picha ile: mwana wa mama mwenye damu ya Afrika, aliyekuwa mwalimu Paris, anakula peke yake katika nyumba ya kando, analetewa chakula na mtumwa mwenye damu kama ya mama yake, na kesho asubuhi anakwenda kumtajirisha bwana wa mtumwa yule.

Vitabu vingine vinamsifu sana, vinasema aliwaokoa watumwa. Nafikiri tuseme kweli bila kuongeza. Mashini yake iliondoa kazi ya hatari kuliko zote, na kuna watu walikufa wazee, wasife kwa moto, kwa sababu yake. Hilo ni jambo kubwa. Lakini haikumpa mtumwa hata mmoja uhuru. Mwaka wa 1840 Louisiana ilikuwa na watumwa wapata 168,000. Mwaka wa 1860 walikuwa zaidi ya 331,000. Sufuria zilibadilika, mnyororo ulibaki. Utumwa uliisha mwaka wa 1865 kwa vita na kwa sheria, si kwa mvuke.

Simwandiki haya kwa kumhukumu. Yusufu naye alijaza gala za Farao, na Farao mwingine akatumikisha watoto wa ndugu zake. Fundi anaweza kutengeneza chombo kizuri, na chombo kile kikatumika katika nyumba mbaya. Ni kwa sisi kuuliza maswali mawili pamoja: namna gani kitatumika? na kitamtumikia nani?

6. MJI UNAMKATAA

Rillieux hakupenda sukari peke yake. New Orleans ni mji wa bonde, umezungukwa na mabwawa, na homa ya manjano ilirudi mara kwa mara. Mwaka wa 1853 iliua watu karibu 8,000 katika mji ule. Siku zile hakuna aliyejua bado kwamba mbu ndiye anayeileta. Jambo hilo lilihakikishwa mwaka wa 1900 tu. Lakini Rillieux alitoa mpango wa kukausha mabwawa na kutengeneza njia za maji machafu. Mpango ukakataliwa, na inasemwa kwamba yule Forstall wa zamani alikuwa kati ya walioupinga. Miaka mingi baadaye mji ulijenga mifereji na pompi za kuondoa maji, yeye akiwa hayupo tena.

Katika miaka ile ya 1850 sheria juu ya watu huru wa rangi zikaendelea kukazwa. Mwaka wa 1857 mahakama kubwa ya Marekani ikatamka kwamba mtu mwenye asili ya Afrika, awe mtumwa ao huru, hawezi kuwa raia. Mtu ambaye hati zake zilihifadhiwa na Serikali, Serikali ile ile ilisema si mtu wake! Mbele ya vita ya wenyewe kwa wenyewe kuanza mwaka wa 1861, Rillieux alikuwa amekwisha kurudi Ufaransa. Hakurudi tena kukaa Louisiana.

7. MISRI, BETRAVI, NA MWISHO

Kule Ulaya alikuta wazo lake limemtangulia, tena limechafuliwa. Inasimuliwa kwamba mchora-ramani mmoja aliyefanya kazi Philadelphia alichukua michoro ya mashini akaipeleka Ujeremani. Wakaijenga bila kufahamu vizuri, ikatumika vibaya katika viwanda vya betravi, na watu wakasema njia ya Rillieux haifai. Mwenyewe alipofika, wengi hawakutaka kumsikia.

Basi akafanya jambo la kushangaza. Akaacha mashini, akajitia katika kusoma maandiko ya Misri ya kale, yale ya picha yanayochongwa katika mawe. Miaka ilipita hivyo. Mwaka wa 1880 Duncan Kenner, mwenye shamba la miwa kutoka Louisiana, alipita Paris akamtafuta. Akamkuta katika maktaba kubwa ya taifa, mzee wa miaka zaidi ya 70, ameinama juu ya maandiko ya Misri.

Lakini moto haukuwa umezimika. Mwaka wa 1881, akiwa na miaka 75, akatoa njia mpya ya kutumia mvuke katika viwanda vya sukari ya betravi, iliyopunguza sana makaa yaliyochomwa. Alifariki Paris tarehe 8 Oktoba 1894, akiwa na miaka 88, akazikwa katika makaburi ya Père Lachaise.

Heshima ilikuja nyuma. Mwaka wa 1934 wenye viwanda vya sukari wa nchi mbalimbali walimwekea kibao cha shaba katika jumba la makumbusho la Louisiana. Mwaka wa 2002 shirika la wanakemia la Marekani liliweka alama ya ukumbusho wake kule New Orleans, katika chuo kikuu cha Dillard, ambacho kilianzishwa kwa ajili ya watu weusi.

8. TUPATE FUNDISHO GANI?

La kwanza: kazi ya chakula ina hesabu ndani, tena hesabu nyingi. Njia ya sufuria zinazopeana mvuke inatumika katika sukari, katika maziwa ya mkebe, katika ile tomati ya mkebe inayouzwa kila siku sokoni, hata katika kupata chumvi na maji matamu kutoka bahari. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, karibu na Uvira, juu ya ziwa letu hili hili, kilijengwa katika miaka ya 1950, mpaka vita ya 1996 ikakisimamisha. Kiwanda kama kile hakisimami tena kwa feza peke yake. Kinahitaji watu waliosoma mvuke.

La pili: yeye hakuanza na kitu kipya. Alianza na kitu ambacho wote walikiona kikipotea. Hapa Kalemie nini kinapotea? Ndakala zinazooza wakati wa mvua kwa kukosa jua. Mapapai na maembe yanayoanguka bure. Makala na kuni zinazochomwa mpaka milima yetu inakuwa uchi. Kila moja ya hizo inangojea mwanafunzi atakayekaa mbele yake na kuuliza: kwa nini tunaitupa?

La tatu, na mimi naliona kubwa zaidi: tujifunze kutengeneza, tena tujifunze kuuliza ni nani atakula matunda. Rillieux aliufanya mvuke mmoja ufae mara tatu. Lakini watu wa wakati wake hawakukubali kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na akili na pia kuwa na haki. Sisi tusifanye hivyo, wala kwa mtu wa kabila lingine, wala kwa dada zetu katika darasa la kemia.

MASWALI YA KUFIKIRI
1. Kwa nini sufuria ya pili inaweza kuchemka kwa mvuke uliopoa kidogo?
2. Je, Rillieux angefanya vizuri zaidi kukataa kuwauzia mashini wenye watumwa? Toa sababu zako.
3. Taja kitu kimoja kinachopotea nyumbani kwenu ambacho masomo ya mwaka huu yangeweza kukiokoa.

Mungu awabariki katika mitihani.

Mwanafunzi wa mwaka wa sita